Pai: Historia ya Nambari na ya Jina Lake

Kila duara, liwe la pete au la gurudumu, la kisima au la mwezi mpevu, lina sifa moja isiyobadilika: mzingo wake ukigawanywa kwa kipenyo chake, jibu ni lile lile. Jibu hilo limezidi tatu kidogo. Likiandikwa kwa desimali huanza 3.14159, kisha tarakimu huendelea bila ya kikomo na bila ya mpango wowote uliokwisha kugunduliwa. Wanahisabati huliita pai na kuliandika kwa herufi ya Kiyunani, π.

Hayo yamo katika vitabu vya shule na hayana haja ya kurudiwa kwa urefu mbele ya wasomaji wa jarida la lugha. Lakini pai ina historia nyingine ambayo aghalabu haisimuliwi darasani, nayo yawahusu wataalamu wa lugha pengine kuliko wanavyodhani. Uwiano huu ulitumiwa na wapimaji, wajenzi na wanafalaki kwa muda wa miaka zaidi ya 3,000 kabla ya kupata alama na jina lake la leo. Katika muda huo mrefu watu walisema nini walipotaka kuutaja? Walitumia kitenzi gani, na kwa uangalifu gani? Maswali haya si ya hisabati peke yake.

Ushahidi mmoja wa kale sana umetoka hapa Afrika. Katika mwaka 1858 Mskoti mmoja, Alexander Henry Rhind, alinunua hati ya mafunjo huko Luxor, Misri. Sehemu yake kubwa sasa imehifadhiwa katika British Museum mjini London. Mwandishi wake, karani aitwaye Ahmes, aliinakili yapata mwaka 1650 kabla ya kuzaliwa Kristo, naye asema kwamba ameinakili kutoka katika hati ya zamani zaidi. Tatizo la 50 katika hati hiyo lahusu konde la duara lenye kipenyo cha vipimo 9. Msomaji aambiwa aondoe sehemu moja ya tisa ya kipenyo, abaki na 8, kisha azidishe 8 kwa 8, apate eneo la 64. Utaratibu huo ukichambuliwa kwa hisabati ya leo, ni sawa na kusema kwamba pai ni 256/81, yaani karibu 3.1605. Kosa lake halifiki hata moja katika mia.

Jambo la kuzingatia hapa ni namna ya usemi. Ahmes hataji nambari yoyote iliyo maalumu kwa maduara. Atoa amri tu: ondoa, zidisha. Pai imefichika ndani ya matendo, wala haijawa kitu kinachoweza kusimama peke yake kama nomino na kuwa kiima cha sentensi. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Wababeli, ambao kibao chao cha udongo kilichopatikana Susa mwaka 1936 kinatumia uwiano wa 3 na moja ya nane. Ndivyo ilivyo pia katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, ambamo bahari ya kusubu ya Mfalme Sulemani imeelezwa kuwa na dhiraa 10 toka ukingo hata ukingo, na uzi wa dhiraa 30 kuizunguka. Mafundi hao walikuwa na kanuni ya kutenda. Jina la kanuni halikuwa na kazi kwao.

Mabadiliko makubwa ya kwanza yaliletwa na Archimedes wa Syracuse, aliyefariki mwaka 212 kabla ya Kristo. Yeye hakutaka kupima duara kwa kamba, kwa maana kamba hunyumbuka na macho hukosea. Alichora ndani ya duara umbo la pande sita zilizo sawa. Mzingo wa umbo hilo ni mara tatu ya kipenyo barabara, na kwa kuwa umbo limo ndani ya duara, ni dhahiri kwamba mzingo wa duara wenyewe umezidi mara tatu. Kisha akachora umbo jingine kwa nje, likiligusa duara, ili apate mpaka wa juu. Akaziongeza pande maradufu, 12, 24, 48, hata akafikia 96, bila ya tarakimu za desimali na bila ya sifuri. Mwishowe akathibitisha kwamba mzingo wa duara umezidi kipenyo mara 3 na sehemu 10 za 71, na umepungua mara 3 na moja ya saba.

Sentensi hiyo ina vitenzi viwili, *kuzidi* na *kupungua*. Hakuna *kuwa sawa*. Archimedes hakusema kamwe kwamba mzingo ni 22/7 ya kipenyo. Alisema kwamba hauwezi kufika hapo. Sehemu ya 22/7 ni ukuta wa juu ambao pai iko chini yake. Yasikitisha kwamba katika safari yake ndefu, kutoka kitabu hata kitabu na kutoka lugha hata lugha, maneno ya tahadhari yalidondoka njiani, na ukuta ukageuzwa kuwa nyumba. Mwanafunzi akiulizwa pai ni nini, hujibu bila ya kusita: ni ishirini na mbili juu ya saba.

Kosa lenyewe ni dogo, lakini udogo wake hutegemea kinachopimwa. Kipenyo cha dunia ni kama kilometa 12,742. Mtu akitafuta mzingo wa dunia kwa kutumia 22/7, atapotoka kwa kilometa 16 hivi. Akitumia sehemu ya 355/113, aliyoigundua Mchina Zu Chongzhi katika karne ya tano, atapotoka kwa meta tatu na nusu tu. Zu Chongzhi naye aliandika kwa mtindo wa mipaka miwili: pai ni zaidi ya 3.1415926 na ni pungufu ya 3.1415927. Karibu miaka 900 ilipita kabla ya mtu mwingine yeyote kuupita usahihi wake.

Katika Bara Hindi lugha ilifanya kazi nyingine tena. Mwaka 499 mwanafalaki Aryabhata alitunga kanuni zake kwa beti fupi za Kisanskriti, kwa kuwa elimu ilihifadhiwa kwa kukaririwa. Kanuni yake ya duara yatoa mzingo wa 62,832 kwa kipenyo cha 20,000, yaani 3.1416. Mwishoni mwa kanuni ameweka neno *āsanna*, maana yake "iliyo karibu", "yenye kukaribia". Katika utungo ambamo kila silabi ilikuwa na thamani yake, mshairi aliona inafaa kutumia nafasi yake adimu kwa neno la tahadhari. Wafafanuzi wa baadaye walilijadili neno hilo moja kwa kirefu. Nilakantha, aliyeandika yapata mwaka 1500, aliuliza kwa nini Aryabhata aliacha thamani halisi akataja iliyo karibu, naye akajibu kwamba thamani halisi haiwezi kutajwa: kipimo kinachogawa kipenyo bila ya baki kitaacha baki katika mzingo.

Nilakantha alikuwa wa Kerala, pwani ya kusini-magharibi ya Bara Hindi, pwani ambayo majahazi yake yalijuana na pwani ya Afrika ya Mashariki kwa karne nyingi. Huko Kerala, Madhava, aliyeishi katika karne ya kumi na nne hadi mwanzo wa kumi na tano, alivuka mpaka ambao Archimedes hakuuvuka. Badala ya kuongeza pande za umbo, aligundua mfuatano usio na mwisho: moja, toa theluthi, ongeza moja ya tano, toa moja ya saba, na kuendelea hivyo daima, jumla yake ikikaribia robo ya pai. Ulaya iliufikia mfuatano huo katika miaka ya 1670, kwa kazi za Gregory na Leibniz. Kwa njia za namna hiyo Madhava alipata pai kwa usahihi wa tarakimu 11 za desimali, akaiandika kwa maneno ya kawaida yaliyosimama badala ya tarakimu: macho kwa mbili, Veda kwa nne, tembo kwa nane. Msomaji wa pwani anayeijua hesabu ya abjadi, ambamo kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake, hataona ajabu.

Jambo lenye uzito zaidi kwa wasomaji wa jarida hili ni lugha ya kitabu kilichotoa uthibitisho wa kanuni hizo. Yapata mwaka 1530 Jyesthadeva aliandika *Yuktibhasha*, na hakukiandika kwa Kisanskriti, lugha ya wanachuoni, bali kwa Kimalayalam, lugha ya wenyeji wa Kerala. Kanuni zilikuwa zimekaririwa kwa Kisanskriti; sababu zake, hatua kwa hatua, zilielezwa kwa lugha ya nyumbani. Wanaodai kwamba hisabati ya juu haiwezi kusemwa ila kwa lugha kongwe ya elimu wana kitabu hiki cha kujibu.

Waandishi wa Kiarabu walirithi njia zote mbili, ya Uyunani na ya Bara Hindi. Al-Khwarizmi, katika kitabu chake cha aljebra cha karne ya tisa, ataja thamani tatu kwa pamoja: 3 na moja ya saba kwa matumizi ya watu, kipeuo cha pili cha kumi kwa wataalamu wa maumbo, na ile ya 62,832 kwa 20,000 kwa wanafalaki. Hakusema ipi ni kweli. Alisema ipi ni ya nani. Mwaka 1424 al-Kashi, huko Samarkand, alikwenda mbali kuliko wote waliomtangulia. Alijiwekea sharti kwamba mzingo wa mbingu nzima usikosewe hata kwa unene wa unywele wa farasi, akahesabu kwa umbo la pande 805,306,368, akapata tarakimu 16 sahihi. Risala yake inaitwa *al-Muhitiyya*, kutokana na *muhit*, yaani kile kizungukacho.

Hata hivyo jina la nambari yenyewe lilikuwa bado. Wasomi wa Ulaya walioandika kwa Kilatini walilazimika kuitaja kwa sentensi nzima: kiasi ambacho kipenyo kikizidishwa nacho hupatikana mzingo. Sentensi hiyo ni sahihi, lakini haiwezi kubebwa kutoka mstari hata mstari wa hesabu. Wajerumani kwa muda mrefu waliiita nambari ya Ludolph, kwa heshima ya Ludolph van Ceulen wa Leiden, aliyemaliza sehemu kubwa ya maisha yake akitafuta tarakimu 35, ambazo zilichongwa katika jiwe la kaburi lake alipofariki mwaka 1610. Jiwe hilo lilipotea. Jipya liliwekwa mwaka 2000.

Herufi π ilianza kuonekana kwa Mwingereza William Oughtred mwaka 1647, lakini kwake ilisimama badala ya mzingo wenyewe, ikiwa ni herufi ya kwanza ya neno la Kiyunani lenye maana hiyo. Aliyeitumia kwa mara ya kwanza kwa maana ya uwiano ni William Jones, mtoto wa mkulima wa kisiwa cha Anglesey huko Wales, aliyewahi kufundisha hisabati katika meli za kivita. Mwaka 1706 alitoa kitabu kwa ajili ya wanaoanza kujifunza, na humo akaandika π badala ya sentensi ile ndefu. Sababu yake ni ya kupendeza: Jones aliamini kwamba uwiano huu hauwezi kuelezwa kwa ukamilifu kwa tarakimu zozote. Kitu kisichoweza kuandikwa kwa nambari kilihitaji jina. Kwa miaka 30 karibu hapana aliyemfuata. Leonhard Euler, aliyewahi kutumia herufi nyingine, aliichukua π mwaka 1736, na kitabu chake cha 1748 kikaieneza kote Ulaya.

Jones huyu alifariki mwaka 1749, akaacha mtoto wa kiume wa miaka mitatu mwenye jina lake. Mtoto huyo hakufuata hisabati. Alijifunza Kiarabu, Kiajemi na Kisanskriti, akawa hakimu huko Calcutta, na mwezi wa Februari 1786 akatoa hotuba iliyosema kwamba Kisanskriti, Kiyunani na Kilatini zina ufanano ambao hauwezi kuwa wa bahati, na kwamba yamkini zimetoka katika asili moja. Hotuba ya Sir William Jones husomwa na kila mwanafunzi wa isimu ya ulinganishi, nayo ilisaidia kufungua njia ambayo Wilhelm Bleek aliipita katika mwaka 1862 alipochapisha sarufi yake ya kulinganisha lugha za Kibantu. Ni wachache wanaojua kwamba baba yake ndiye aliyeipa pai alama yake.

Imani ya Jones baba ilithibitishwa baadaye. Mwaka 1761 Johann Lambert alionyesha kwamba hakuna sehemu ya nambari mbili kamili iliyo sawa na pai, iwe 22/7 au nyingine yoyote. Mwaka 1882 Ferdinand von Lindemann, Mjerumani, akaenda mbele zaidi: pai haiwezi kuwa jibu la mlinganyo wowote wa aljebra ulioundwa kwa nambari kamili. Kwa uthibitisho huo lilifungwa tatizo la Wayunani la kuunda, kwa rula na bikari tu, mraba wenye eneo sawa na la duara. Haliwezekani. Waliojaribu hawakukoma, na mwaka 1897 Baraza la Wawakilishi la jimbo la Indiana, Marekani, lilipitisha kwa kura 67 bila ya kupingwa mswada uliotokana na jaribio la namna hiyo. Baraza la pili ndilo lililouahirisha.

Kuhusu mbio za kutafuta tarakimu, machache yatosha. William Shanks wa Uingereza alitangaza tarakimu 707 mwaka 1873, akiwa amefanya kazi hiyo kwa mkono. Katika miaka ya 1940 ikagunduliwa kwamba 527 za kwanza ndizo zilizokuwa sahihi. Mashine ya ENIAC ilitoa 2,037 mwaka 1949. Mwaka 2022 zilifikia trilioni 100, na hazikuishia hapo. Faida yake ni kujaribu nguvu za kompyuta zaidi kuliko kupima kitu chochote, kwa maana wanaoongoza vyombo vya NASA kati ya sayari hutosheka na tarakimu 15 baada ya nukta.

Matumizi ya kweli yako karibu zaidi. Fundi anayetengeneza tangi la maji lenye kipenyo cha meta 2 na urefu wa meta 2 akichukua pai kuwa tatu, atasema tangi lina lita 6,000. Kwa kweli lina lita 6,283. Tofauti hiyo ni madebe 14 ya lita 20, na mwenye kununua maji kwa debe anajua uzito wake. Lakini pai huzuka hata pasipo na duara la kuonekana. Jiwe lililoning'inizwa kwa uzi likipembea, muda wa kwenda na kurudi hupatikana kwa kutumia pai. Mawimbi ya redio na ya sauti huelezwa kwayo. Watu wengi wakipimwa urefu, namna vipimo vinavyojikusanya kandokando ya wastani hueleweka kwa kanuni yenye pai ndani yake. Mwaka 1777 Mfaransa Buffon alieleza mchezo wa kudondosha sindano juu ya sakafu yenye mistari iliyoachana kwa urefu wa sindano hiyo: katika kila mara 1,000, sindano yatarajiwa kugusa mstari kama mara 637, kwa sababu uwezekano wake ni mbili gawanya kwa pai.

Kiswahili kimeipokea nambari hii kwa njia inayostahili kuangaliwa. Jina *pai* limechukuliwa lilivyo, na hapana hasara: ni jina la herufi, na herufi hiyo huandikwa vivyo hivyo katika sehemu kubwa ya ulimwengu, ingawa baadhi ya vitabu vya Kiarabu, lugha isiyo na sauti ya *p*, hutumia herufi *ta* nzito mahali pake. Kutafuta neno la Kibantu badala ya *pai* kungekuwa juhudi iliyopotea. Thamani iko katika maneno yanayoizunguka. *Mzingo* umetokana na *zinga*, kuzunguka, nao wabeba taswira ile ile iliyo katika *muhit* ya al-Kashi na katika neno la Kiyunani lililompa Oughtred herufi yake. *Kipenyo* kimetokana na *penya*: mstari upenyao duara toka upande hata upande kupitia katikati. Mtoto wa Tanzania, ambako shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili tangu 1967, huyasikia maana haya ndani ya neno lenyewe, ilhali mwenzake wa Kenya hukariri neno la kigeni ambalo halimwambii kitu mpaka afafanuliwe.

Palipo na upungufu ni katika neno la Aryabhata. Kiswahili kina utajiri wa maneno ya tahadhari, *takriban*, *yapata*, *kadiri ya*, *karibu*, *kama*, na katika usemi wa kila siku hapana atajaye saa au umri wa mzee bila ya mojawapo. Lakini katika ubao wa darasa maneno hayo hutoweka, na alama ya usawa hukaa kati ya π na 22/7 kana kwamba Lambert hakuzaliwa. Watungaji wa mitihani wamekuwa waangalifu kuliko walimu. Wao hawaandiki kwamba pai *ni* 22/7. Huandika *tumia*, au *chukua*, na mtahiniwa huagizwa la kufanya, kama Ahmes alivyomwagiza mpimaji wa konde.